Kaburi la Pamanenti

Mimi nimefukua mifupa ya watu miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo neno la Kizungu nililoweza kulisoma lilikuwa moja tu. Lilichongwa juu ya lango la makaburi yetu kule Mlima wa Jiwe Jekundu, herufi kubwa kubwa, nami nikipita chini yake kila asubuhi na jembe begani. Permanent. Sisi mafundi tulilitamka pamanenti, na ulimi wetu haukuwa na shida nalo.

Aliyenieleza maana yake ni karani wa ofisi ya makaburi, kijana mmoja Szeto, msomi, shati lake halina hata vumbi wakati sisi tulikuwa na udongo mpaka masikioni. Nikamuuliza siku moja, "Karani, hilo neno pale juu linasemaje?"

Akasema, "Ni kitu cha kudumu, kaka Mok. Kisichoondoka. Ukikiweka, kimewekwa."

Nikalipenda. Wallahi nililipenda. Kazi yangu yote ilikuwa kuondoa vilivyowekwa, sasa kumbe kuna neno la kitu kisichoondoka! Nikaanza kulitafuta kila mahali, kama mtu aliyenunua viatu vipya anavyotazama miguu ya watu. Bibi yenu, enzi hizo msichana bado, alishuka saluni akarudi nywele zimejikunja kama tambi kavu kabla hazijatiwa maji ya moto. Nikamwambia, "Mke wangu, umepigwa na umeme?" Akanitazama kwa dharau. "Hii ni pamanenti, wewe mshamba." Basi nikajua ndiyo hizo mpaka uzeeni. Masika hayajaisha nywele zimenyooka kama fagio. Nikaenda kumshtakia karani, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema hiyo ni pamanenti ya kichwani, ina miezi mitatu yake.

Halafu kulikuwa na kazi. Wenye ajira ya pamanenti walikuwa wanne pale mlimani, sisi wengine tuliandikwa vibarua wa muda. Kibarua wa muda, mimi, nilikaa miaka thelathini na moja, na wale wanne sikumbuki hata mmoja aliyemaliza kumi. Na vibanda tulivyoishi kule bondeni viliitwa makazi ya muda pia. Bibi yenu kazalia humo watoto watatu. Mngedhani ningejifunza hapo. Sikujifunza. Mtu akiwa na neno moja tu hulishika kama mwenye jino moja.

Sasa niwaambie jambo la shemeji Tong.

Mji wetu, Hong Kong, ardhi yake mnaijua, mtu hai hana pa kulala, seuze maiti. Kwa hiyo sheria ilikuwa hivi: maskini akizikwa, anakaa chini miaka sita. Mwaka wa saba anafukuliwa. Watu wake wakitaka, tunamsafisha mifupa, tunamkalisha ndani ya mtungi, wanamchukua. Wasipokuja, mifupa inatiwa guniani, inakwenda kuchomwa kwenye tanuri, majivu yanamwagwa shimo la pamoja. Mlima umekatwa ngazi ngazi za makaburi, na ni ngazi za juu tu, za wenye nazo, ndiko waliko wanaolala moja kwa moja. Na mlima wote, wa maskini na wa tajiri, lango lake ni moja na jina lake ni moja.

Mwaka sabini na moja, baridi inakata masikio, tulizika mtu anaitwa Tong Bak-yiu. Tulimzika ngazi ya nne. Ngazi ya nne ilikuwa mpya, imechimbwa mlimani mwaka uleule, sisi wenyewe hatujui bado kama ni ya miaka sita au ya moja kwa moja. Waombolezaji walikuwa watatu. Wawili waliondoka mapema, wana zamu. Akabaki mke, mwanamke mwembamba, jina lake Lai-heung, ndiye huyo shemeji Tong, si ndugu yangu ila tuliwaita hivyo wake za watu, ana karatasi mkononi anaikunja na kuikunjua.

Mwenzangu Fung, ambaye kwa shingo yake ndefu tulimwita Shingo ya Kuku, alikuwa anapiga udongo kwa mgongo wa sepetu. Yule mama akanijia mimi.

"Kaka, wewe unasoma?"

"Nasoma kidogo, shemeji."

"Nisomee hii. Yule kijana wa ofisini anaongea mbio kama anafukuzwa na mbwa. Nimeitikia tu ndiyo, ndiyo, sikuelewa kitu."

Nikaipokea ile karatasi. Ilikuwa stakabadhi, Kizungu juu mpaka chini, mistari midogo midogo kama chungu wanahama. Ningeweza kumwambia, shemeji, turudi ofisini tumwulize karani. Ofisi ilikuwa hatua mia mbili, nilikuwa nauona moshi wake. Lakini pale juu kabisa, kwa herufi nene, nikaliona neno langu. Lilelile la langoni. Moyo ukaruka.

"Pamanenti," nikamwambia.

"Maana yake?"

"Maana yake hatoki. Kawekwa, kawekwa. Labda mlima wenyewe uhame, ndiyo na yeye atahama."

Akaketi palepale kwenye udongo. Nikadhani nimemuudhi. Kumbe analia kwa kushukuru. "Basi hatachomwa," akasema. "Basi hatachomwa, kaka."

Ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa akifanya kazi kiwanda cha maua ya plastiki. Moto ulianzia chini, yeye alikuwa ghorofa ya tatu, mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli ili wafanyakazi wasitoroke na mali. Walimtoa akiwa hai. Akaishi siku mbili, na katika siku hizo mbili neno alilosema lilikuwa hilo tu, kwamba moto, moto, niondoe motoni. Mke akamshika kidole, maana ndicho kilichokuwa kizima, akamwapia kwamba moto hautamgusa tena, si akiwa hai, si akiwa mfu.

Shingo ya Kuku alipokuja kuchukua maji ya kunywa aliniuliza pembeni, "Umemwambia nini yule?"

"Kwamba ni pamanenti."

"Una hakika? Mbona kaburi lenyewe jembamba hivi? Matajiri wanalala kwa kujitanua."

"Imeandikwa. Wewe unasoma?"

"Mimi sisomi."

"Basi funga shingo yako."

Akaifunga. Huyo ndiye aliyekuwa sahihi, nami nikamnyamazisha kwa neno moja.

Miaka ikaenda. Kila mwaka, siku ya kufagia makaburi, shemeji Tong alikuja. Wenzake wote mlimani wanachoma pesa za karatasi ziwafikie wafu wao, moshi mpaka macho yanavimba, yeye hachomi. Anaweka karatasi zake juu ya kaburi, anazikandamiza kwa jiwe, anaziacha zioze na mvua. Hata vijiti vya udi hawashi, anavisimamisha vikavu. Watu wakamsema. Mama mmoja wa kaburi la jirani akamwambia, "Wewe, mumeo atatumiaje pesa mbichi?" Akajibu, "Wangu anapenda mbichi. Wako kama anapenda za kuchoma, mchomee." Nilicheka siku hiyo.

Na akinikuta ananipa machungwa mawili, ananionyesha kwa watu. "Huyu ndiye kaka aliyenisomea karatasi yangu." Mimi, mchimba makaburi, ambaye watu wakikutana nami ngazini wanahama upande, mimi nikasifiwa kwa kusoma! Nilitembea kifua mbele. Sikurudi ofisini kuuliza hata mara moja. Na baadaye nilijua kwamba ngazi ya nne ni mchanganyiko, safu hizi za miaka sita, safu zile za moja kwa moja. Nililijua hilo. Nikajiambia ya kwake imeandikwa.

Mwaka wa saba ulipofika sikuwepo. Mkandarasi alinipeleka kufukua mlima mwingine, ng'ambo ya maji, miezi minane. Huku nyuma ofisi ikatuma barua kwa shemeji. Barua ikaenda bondeni kwenye kibanda chake cha zamani, na kibanda kilishavunjwa, yeye kahamishiwa majengo ya serikali. Wakabandika orodha kwenye ubao langoni. Akaiona, akapita. Watu wengine walikuwa wameisongamania wanatafuta namba, yeye anawahurumia. Wakatia alama ya rangi nyekundu kwenye jiwe la kaburi, maana yake huyu zamu yake imefika. Siku ya kufagia akaikuta. Mnajua alifanya nini? Alidhani ni watoto watundu. Alishuka bombani na ndoo, akaisugua kwa brashi ya kufulia mpaka ikatoka. Hili aliniambia mwenyewe. Alisugua mpaka vidole vikatoka damu, jiwe likabaki safi, akaenda zake.

Nikarudi mwezi wa kumi. Asubuhi ya kwanza msimamizi wetu, Bwana Pang, mtu mnene mwenye kukohoa, alitupanga.

"Kumi na mbili leo, ngazi ya nne. Hawana wenyewe hawa, muda wa kudai umepita. Kila mmoja gunia lake, namba juu. Lori saa tisa. Msinicheleweshee lori."

Tukapanda. Mimi na Shingo ya Kuku tukapewa safu ya mwisho. Namba mia na kumi na sita tulimtoa upesi, mwepesi kama kuni. Mia na kumi na saba vivyo hivyo. Nikageukia mia na kumi na nane, nikainama kuondoa majani, picha ya kwenye jiwe ikanitazama. Uso wa Tong Bak-yiu, na chini yake karatasi zilizooza chini ya jiwe.

Shingo ya Kuku akasema, "Heee. Huyu si ndiye wa pamanenti wako?"

Nikafuta udongo kwenye picha kwa kiganja.

"Mok. Si ndiye yule?"

"Ndiye."

Alikuwa mtu wa mzaha yule, mzaha wake haukuisha hata mazishini. Siku hiyo alichomeka sepetu ardhini, akavua kofia. Akasema tu, "Nenda kwa Pang. Hapa sigusi."

Nikashuka mbio. Bwana Pang alikuwa anakunywa uji kwenye kibanda cha zana.

"Bosi, mia na kumi na nane ana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Hakujua."

"Alikuwa na miezi sita. Barua, ubao, rangi. Asijue vipi? Kipofu?"

"Aliambiwa halimhusu."

"Na mpumbavu gani aliyemwambia hivyo?"

"Mimi."

Akaweka bakuli chini. Akakohoa weee, akanitazama. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

"Sikiliza, Mok. Orodha imepigwa chapa, siwezi kufuta mtu. Lakini lori ni saa tisa. Kama kabla ya lori ana mwenyewe, na yuko ndani ya mtungi, mifupa mitupu, safi, mimi nitaandika kachukuliwa. Sijui lini, sijui vipi. Lakini kama bado ni maiti, siwezi. Maiti haitoki mlimani kwa mgongo wa mtu. Maiti inapanda lori. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bosi."

"Basi usinisimamie hapa. Kimbia."

Niliwauliza waliokuwa majirani zake bondeni, wakanielekeza: shemeji Tong alikaa ghorofa ya tano, majengo ya serikali, ukumbi mrefu vyoo mwisho. Nilimkuta mlangoni kwenye kigoda, beseni la kamba wa baharini miguuni, anawamenya kwa ajili ya mkahawa. Aliponiona uso ukamng'aa.

"Kaka Mok! Nani kakwambia ninakokaa? Ingia, ingia, chai ipo. Umekonda, huko ng'ambo walikuwa hawakulishi?"

"Shemeji, siingii."

"Mtu hafiki mlangoni kwangu akasimama kama mdai kodi. Ingia."

"Shemeji, ile karatasi nilikusomea vibaya."

Mikono yake ikaendelea kumenya kamba mmoja, akamaliza, akamtupa upande wa waliomenywa.

"Vibaya vipi?"

Nikamwambia yote, nimesimama. Kwamba nililisoma jina la makaburi, ile mistari midogo sikuijua. Kwamba miaka ni sita. Akasema rangi nyekundu aliisugua akidhani ni watoto, nikamwambia haikuwa ya watoto. Kwamba lori ni saa tisa na linakokwenda anakujua.

"Ulisema labda mlima uhame."

"Nilisema."

"Ulisema kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu, shemeji."

Jirani yake akachungulia kuuliza kuna nini. Shemeji alinawa mikono kwenye ndoo, taratibu, kidole kwa kidole. Akachukua mwavuli mweusi uliokuwa nyuma ya mlango. Hakufunga mlango. Alishuka ngazi mbele yangu, na ndani ya basi alikaa kiti kingine.

Saa tano na nusu tulikuwa juu. Shingo ya Kuku alikuwa ameshaleta mtungi kutoka duka la chini, mtungi mzuri wa kahawia, na chupa mbili za pombe ya mchele, na mchanga mkavu. Hakusema ameupata vipi nami sikumwuliza. Tukafanya kama inavyopasa. Shemeji akakunjua mwavuli juu ya kaburi, maana mifupa haipigwi na jua. Mimi nikamwita mwenyewe, kama tunavyowaita wote kabla ya kugonga ubao wa jeneza. "Tong Bak-yiu, tunakuhamisha nyumba. Mkeo yupo. Usishtuke."

Nikachimba. Udongo wa ngazi ya nne ulikuwa wa mfinyanzi, mzito, maji yakiingia hayatoki. Nilipofika kwenye ubao nikajua, kwa harufu nikajua, lakini nikajiambia labda. Tukaufungua. Walikuwa wamemzungushia plastiki wakati wa kumtia sandukuni, kwa sababu ya vile alivyokuwa ameungua. Plastiki ilikuwa nzima.

Fung akasema kwa sauti ya chini, "Bado."

Sisi wafukuaji neno hilo tunaliogopa kuliko mizimu. Maana yake ardhi haijamaliza kazi yake. Amekaa chini miaka sita na nyama iko mwilini.

Shemeji alikuwa ameegemea ukingoni na mwavuli. Akaona. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Aliye bado anafanywaje?"

Fung akamjibu. "Aliyedaiwa kwa wakati, mama, tunamfunika tena mwaka mmoja au miwili, tunamngoja. Asiyedaiwa, lori."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita inakaribia."

Akatazama chombo changu cha zana, lilikuwa sanduku la bati, kifuniko wazi. Ndani mlikuwa na kisu chembamba, mpini wa mbao. Kila mfukuaji anacho, hakuna anayekitaja. Mimi nilikuwa nimekitumia mara mbili maishani, na mara zote mbili wenyewe wa maiti waliambiwa wakangoje langoni, wakaletewa mtungi uliojaa, wakashukuru, wakaenda bila kujua.

"Hicho kinaweza?" akauliza.

"Shemeji, nenda kakae chini kwenye ngazi. Tutakuita."

"Nimekuuliza kinaweza?"

"Kinaweza. Lakini siyo mbele yako."

"Na mwavuli atashika nani? Wewe una mikono mingapi?"

"Fung atashika."

"Fung atakusaidia. Ninyi wawili hamtoshi kwa saa tatu, naona kwa macho. Mimi nilimshika kidole akifa. Hili nalo nitalishika. Anza."

Ninawasimulia mengi ninyi wajukuu, na mengine nayatia chumvi, mama zenu wananijua. Hili silitii chumvi, na mengine yake siyasemi. Nitasema tu kwamba kazi ile inaanzia miguuni. Kwamba nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na siku hiyo ilibidi Fung anishikie kiwiko. Kwamba tulimwaga pombe ya mchele mpaka chupa zikaisha, Fung akatoa na ya kwake ya kunywa.

Na kwamba mwavuli haukuyumba. Alikuwa amesimama na mguu mmoja ndani ya kaburi mmoja nje, na kila jua liliposogea alisogea nalo. Na alikuwa anasema na mumewe, si kilio, maneno tu kama mtu anayemkogesha mtoto.

"Vumilia. Ni maji tu haya. Sasa mkono, mume wangu, upe huo mkono. Si moto. Unasikia baridi? Ndiyo, baridi, si moto. Karibu tunamaliza. Kaka Mok ana mkono mwepesi."

Hata hivyo aliniita kaka Mok. Nilitamani asiniite.

Mara moja tu alikatiza. Nilikuwa nimefika kwenye ule mkono wa kulia, kwenye kidole. Akasema, "Ngoja." Nikangoja. Akashuka, akakishika kidogo, akapanda tena juu. "Endelea."

Tulimfuta kila mfupa kwa mchanga na karatasi, tukampanga mtungini kama anavyokaa mtu. Nyayo chini, miguu imekunjwa, nyonga, uti wa mgongo katikati, mbavu huku na huku, mikono, na kichwa juu kabisa kikitazama mbele. Shemeji aliuliza kila kitu kama kipo. Magoti yote mawili? Yapo. Mitulinga yote miwili? Ipo. Yaliyobaki, yale ambayo si mifupa, niliyarudisha shimoni mwenyewe, nikayafukia kwa mikono, sikutumia sepetu.

Bwana Pang alipanda saa nane na nusu, anakohoa tangu ngazi ya pili ili tumsikie. Akaja, akafunua kifuniko, akatazama ndani. Akatazama ardhi iliyofukiwa upya. Pua alikuwa nayo, alijua. Akamtazama shemeji, nguo zake na viatu vyake jinsi vilivyokuwa.

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mimi ndiye mkewe."

Akaandika. Akasema, "Pole, mama," akashuka.

Juu ya mlima, nje ya ukuta, kuna miteremko ambako watu wasio na pa kuweka huweka mitungi yao. Hairuhusiwi. Ipo mamia, imekaa kwenye majani kama watu wanaongoja feri. Nikaufunga mtungi mgongoni kwa kamba, nikapanda nao, shemeji nyuma yangu na mwavuli umefungwa. Alichagua mwenyewe mahali, penye mwamba wa kuzuia upepo. Nikausimamisha, nikaukandamiza kwa mawe, nikautikisa kuona kama umekaa.

Nilikuwa nangoja alaani. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata kichwa nimekiinamisha. Akasema, "Hapa atakaa mpaka lini?"

Nikamwambia, "Sijui, shemeji. Wakija kusafisha mlima wanaweza kuiondoa yote. Pengine mwaka huu, pengine wasije kabisa. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa. 

"Kaka Mok, ukinikuta njiani kuanzia leo, usinisalimie."

"Sawa, shemeji."

"Na siku ya kufagia usipite huku. Sikuchukii. Umenisaidia leo, nimeona. Lakini nikikuona nitakuwa naona mikono yako."

"Sawa."

"Na usinitumie mtu kukuombea msamaha. Wala usimtume mkeo."

"Simtumi."

Chini barabarani lori likanguruma, likatoka langoni na magunia kumi na moja, turubai linapigapiga. Tulilitazama wote wawili, yeye kasimama karibu na mtungi, mkono juu ya kifuniko, mpaka lilipokata kona ya kwenda tanurini. Halafu alishuka kwa njia ya upande wa pili, ya mawe, ndefu, ambayo haipiti makaburini. Nilingoja mpaka nikaona mwavuli wake umefika barabarani. Nami nikarudi ngazi ya nne, maana kulikuwa na mashimo mawili hayajafukiwa na Fung alikuwa peke yake.